Gitaa Lisilo na Ngazi

Jumamosi, 22 Novemba

Mitihani imekwisha. Mwalimu Tokilupe ametuagiza tuandike likizo nzima, hata sentensi moja tu kwa siku, na akasema hatayasoma tutakayoandika, tujiandikie wenyewe. Leo nimelisha nguruwe, nimefua, nimesuka mkeka pamoja na Mama. Ni mkeka mwembamba wa majani ya mkadi, wa kufunga kiunoni kwa heshima siku ya kufunguliwa ukumbi mpya wa kanisa mwezi wa Machi. Joto kali. Redio inasema msimu wa vimbunga umeshaanza, lakini mbingu ni safi.

Jumanne, 25 Novemba

Mvua kubwa. Kibanda cha Maikeli kinavuja.

Maikeli ni kaka yangu. Yuko Australia tangu Septemba, anachuma nyanya. Kibanda chake kiko nyuma ya nyumba, chini ya mshelisheli, nami siingii humo. Tangu nivunje ungo hatukai chumba kimoja wala hatutaniani. Akiwa na neno nami humtuma Mama au binamu yetu Latai. Ndivyo tulivyo watu wote hapa, wala sikuwahi kufikiri ni jambo la kuandika. Lakini leo Mama alikuwa na unga mpaka viwikoni, akapiga kelele: "Uinise! Gitaa la kaka yako! Kimbia!"

Nikakimbia, nikaingia, nikalitoa. Ni gitaa la besi, jekundu, nyuzi nne. Aliporudi kutoka msimu wake wa kwanza wa kuchuma, wenzake walishuka melini na majokofu na televisheni. Yeye alishuka na hili mgongoni. Nimelifuta kwa kanga ya Mama. Sasa limeegemea ukuta wa chumba changu.

Jumapili, 30 Novemba

Kanisa, chakula, usingizi, kanisa.

Jumatano, 3 Desemba

Maikeli amempigia Mama simu. Aliuliza gitaa kabla hajauliza mbwa. Mama akamwambia liko kwa dada yako, kavu kabisa. Atarudi mapema Machi, na ukumbi ukifunguliwa yeye ndiye atakayepiga besi. Anasema huko bwenini anafanyia mazoezi kwenye mpini wa fagio, wenzake wanamcheka.

Nimeligusa gitaa kidogo. Mama hakusema kitu. Hata Maikeli angekuwepo asingesema kitu. Kaka hamkatalii dada yake. Nikitaka sahani yake ya chakula atanipa, alale na njaa.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimeligusa tena. Vidole vinauma. Nimesuka na Mama.

Jumapili, 7 Desemba

Safu ya waimbaji wa sauti nzito kule nyuma kanisani ina pengo. Sikulitambua mpaka leo. Maikeli alikuwa na namna yake ya kushuka kutoka sauti moja hadi nyingine bila kuruka, anateleza tu, kama mtu anayeshuka mteremko wenye matope, na wazee walikuwa wakigeuka kumtazama. Leo wameimba wimbo uleule wakarukaruka kama mbuzi.

Jumanne, 9 Desemba

Nina habari! Pauliasi, kiongozi wa bendi ya vijana wa kanisa, alipita barabarani akanisikia nikipiga. Akasimama uani na mwavuli wake.

"Nani huyo? Maikeli amerudi?"

"Ni mimi."

"Msichana?"

"Ndiyo."

Akafikiri. "Wiki ya Maombi, mwezi wa Januari, tunahitaji besi. Mpaka atakaporudi mwenyewe. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Latai alikuwa dirishani, akasubiri aondoke ndipo akaanza kucheka. Latai ni binti wa mama yangu mdogo, na mdomo wake haujawahi kupumzika. "Bibi Besi! Sasa utatembea nyonga moja juu kama wale wa bendi za mjini?"

Nimefurahi mno, siwezi kuandika zaidi.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimejaribu ule mtelezo wa Maikeli. Hautoki. Kwenye shingo ya gitaa kuna vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza, sisi tunaviita ngazi, na kidole kikiteleza sauti inapanda ngazi moja moja, tak, tak, tak. Kwenye simu ya Latai nimeona mtu akipiga besi yenye shingo laini, haina ngazi hata moja. Inaimba kama mwanadamu. Chini yake watu wameandika kwamba waliziondoa wenyewe nyumbani, kazi ya mchana mmoja.

Jumamosi, 13 Desemba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Baba alikuwa shambani kwenye viazi vikuu, Mama alikwenda mjini Pangai. Latai alileta koleo la baba yake, na kopo la gundi anayozibia nyufa za mashua. Alipoona nimeng'oa nyuzi alikoma kucheka.

"We Uinise, hilo ni la kaka yako."

"Hawezi kunikatalia."

"Hajakukatalia kwa sababu hujamwomba."

Nilibana ngazi ya kwanza kwa koleo nikavuta. Ilitoka na kipande cha mti, kidogo, kama ukucha. Nikasema ya pili nitavuta polepole. Ya pili ilitoka na kipande kikubwa zaidi. Ya tatu vilevile. Hapo ningeweza kuacha, ninajua ningeweza. Lakini gitaa lililong'olewa ngazi tatu si lile wala si hili, nikajiambia lililobaki ni kumaliza. Nilivuta mpaka jua lilipofika upande wa pili wa mshelisheli. Ngazi zote zimo ndani ya kopo la maziwa, zimepinda kama miiba ya samaki. Nilijaza mifereji kwa gundi ya mashua, nikaiacha ikauke, nikapiga msasa.

Jioni nilifunga nyuzi nikapiga sauti moja, nikatelezesha kidole. Ilishuka kama Maikeli. Kweli kabisa. Latai akashika shavu.

Basi nimefanya vizuri. Naandika hivyo ili nilale.

Jumapili, 14 Desemba

Kanisa. Leo hairuhusiwi kazi yoyote, hata kugusa nyuzi. Nimekaa nikilitazama.

Jumamosi, 20 Desemba

Mazoezi. Sitaki kuandika, lakini niliahidi.

Ngazi zilikuwa zinanionyesha mahali pa kuweka kidole. Sikujua zinafanya kazi hiyo mpaka zilipokosekana. Kila sauti niliyoishika ilikuwa karibu na penyewe, haikuwa penyewe. Nilipokuwa peke yangu chumbani sikio langu lilinisamehe. Pamoja na magitaa mengine halikuweza.

Pauliasi aliinua mkono. "Simama. Simama! Nani amemkanyaga paka?"

Wakacheka wote.

"Uinise, hilo gitaa lina homa?"

"Nyuzi zimezeeka," nikasema. Ni uongo. Nilishika shingo kwa viganja vyote viwili ili wasione.

"Rudi nalo nyumbani ukalipumzishe. Wiki ya Maombi tutaimba bila besi." Kisha, bila ubaya wowote, akasema: "Akija mwenyewe litapona."

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Maikeli amepiga simu. Nilikwenda kuchota maji ili nisisikie.

Jumatano, 7 Januari

Wiki ya Maombi. Tunaamka alfajiri kila siku. Mvua. Ninaomba jambo moja tu, nalo si la kiroho.

Jumanne, 13 Januari

Unyevu umeingia kila mahali. Chumvi imekuwa uji, vitabu vimeota ukungu. Gundi ya mashua inabanduka kutoka kwenye mifereji vipande vipande. Nyuzi zimechimba mti mahali nilipopiga sana. Na shingo imepinda, nyuzi ziko juu kiasi cha kupitisha kidole chini yake.

Nilijaribu kuzirudisha ngazi kwa nyundo iliyofungwa kitambaa. Nyingine zilikaa, nyingine ziliruka juu upande mmoja nilipogonga upande wa pili. Moja ilipasua mti. Nilisikia ule mpasuko mdogo, nikaweka nyundo chini. Nimezing'oa tena zote.

Latai anasema, "Unaogopa nini? Kwanza hawezi kukugombeza, wewe ni dada yake."

Hicho hasa ndicho ninachokiogopa. Kijana aliyegombezwa na baba yake hulia, ikaisha. Mimi hili halitaisha. Atalitazama, atatazama chini, atasema ni sawa, halafu atabaki nalo moyoni, mimi nisilione tena.

Jumatatu, 26 Januari

Shule imefunguliwa. Mwalimu Tokilupe aliuliza nani ameandika likizo nzima. Niliinua mkono. Akatabasamu. Nikaona aibu.

Jumanne, 3 Februari

Nimesuka na Mama. Mkeka unapendeza. Mama husuka akiimba sehemu ya sauti nzito, kwa ajili ya Maikeli, anasema, ili ukoo usiisahau.

Jumanne, 10 Februari

Kimbunga kinakuja kutoka kaskazini. Shule imefungwa. Baba amepigilia mbao madirishani na kufunga paa kwa kamba. Upepo bado haujawa na nguvu, lakini ndege wote wametoweka na bahari imekuwa na rangi ya bati. Nililifunga gitaa kwa nailoni, kisha kwa blanketi langu, nikaliweka juu ya kabati.

Mama aliniona. Akasema, "Unalitunza gitaa la kaka yako kuliko macho yako. Nitamwambia."

Ijumaa, 13 Februari

Tuko wazima. Kimbunga kilipita magharibi mwetu. Migomba yote imelala, mshelisheli umekatika katikati, na kibanda cha Maikeli hakina paa tena. Bati moja tumelikuta kwenye zizi la nguruwe la jirani.

Mtandao uliporudi Mama alimweleza Maikeli kila kitu, pamoja na blanketi. Kisha akaja jikoni na simu mkononi, macho yamelowa. "Kaka yako anasema: mwambie Uinise ninamshukuru."

Hajawahi kunitumia maneno kama hayo maishani. Nilikuwa nikimenya viazi. Nilimenya mpaka kiazi kikaisha mkononi.

Jumamosi, 21 Februari

Shangazi Melenaite amefika kwa meli, anasubiri meli ya Jumanne ya kwenda kisiwa cha Vava'u. Ni dada mkubwa wa Baba. Akiingia nyumbani kwetu hakuna kilicho chetu; analotaka analichukua, na Baba hufurahi, au huonekana amefurahi. Mara ya mwisho aliondoka na nguruwe.

Tulikuwa tunakula majani ya magimbi kwa nyama ya kopo na tui. Shangazi akafuta midomo.

"Mwanangu Siope ameingia bendi ya kanisa huko. Nasikia mna gitaa la besi hapa, mwenyewe yuko nyanyani."

Mama alitazama sahani.

"Ni lako, dada," akasema Baba.

"Nilijua ni langu. Uinise, Jumanne utanibebea bandarini."

Nikasema, "Ndiyo, Shangazi." Na sasa niandike kweli: moyo wangu uliruka kwa furaha. Litakwenda Vava'u ndani ya mfuko wake, zipu imefungwa. Maikeli ataambiwa Shangazi amelichukua, na kwa jambo hilo hakuna anayeruhusiwa hata kukunja uso. Siope akilifungua atadhani ni meli, au unyevu, au panya. Hakuna atakayejua. Nilichokuwa nakiomba tangu Wiki ya Maombi ndicho hiki.

Jumapili, 22 Februari

Kanisa. Pengo bado lipo pale nyuma.

Jumanne, 24 Februari

Nilibeba gitaa mgongoni mpaka bandarini Pangai, nikimfuata Shangazi nyuma. Meli ilikuwa imeshafungua mdomo wake, watu wanapakia magunia na nguruwe. Shangazi alikaa juu ya sanduku lake akajipepea.

"Lete."

Nilikuwa nimeshateremsha mkanda kutoka bega moja. Nikafikiria mpini wa fagio. Ataendelea kufanyia mazoezi kwenye mpini wa fagio, kule, wanamcheka, na gitaa halipo tena, na anaamini nililitunza. Na akirudi atanishukuru tena.

"Shangazi, usilichukue."

Aliacha kujipepea. Watu wawili waligeuka. "Unaninyima?"

"Sikunyimi. Limeharibika. Mimi nimeliharibu."

Akafungua zipu mwenyewe. Alipitisha kidole kwenye shingo, shimo kwa shimo. Sikuweza kumtazama.

"Panya wa aina gani huyu?"

"Ni mimi, kwa koleo."

"Ungeniacha nipande meli na hiki kitu? Niaibike mbele ya Vava'u nzima?"

"Ndiyo. Karibu nikuache."

Kisha akafunga zipu kwa nguvu. "Rudi nalo. Lakini mimi siondoki mikono mitupu kwenye nyumba ya kaka yangu. Mwambie mama yako nataka ule mkeka. Kimbia, meli haitangoja."

Nilikimbia. Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka, anamalizia ukingo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, nahema. Hakupaza sauti. Alikata nyuzi zilizobaki kwa meno, akaukunja, akanipa.

"Nani mwingine anajua?"

"Latai."

"Basi kisiwa kizima kinajua, isipokuwa Maikeli. Nenda."

Jumamosi, 7 Machi

Maikeli amerudi. Amekonda, amekuwa mweusi kwa jua. Alisimama uani akanisalimu akitazama miguu yangu, nami nikaitikia nikitazama yake. Baba na wajomba wanaezeka kibanda chake. Hajauliza gitaa, anangoja apelekewe. Kesho ni Jumapili.

Jumatatu, 9 Machi

Nilimwomba Latai anibebee ujumbe. Akakataa. Kwa mara ya kwanza sikuona kicheko usoni mwake. "Salamu zenu nimezibeba miaka yote hii. Hii siibebi."

Nikaliweka gitaa kwenye kizingiti cha kibanda, nje ya mfuko wake, nikarudi nyuma hatua chache, nikasema na ukuta.

"Maikeli. Nilitaka liimbe kama unavyoimba. Niling'oa ngazi. Kisha sikuweza kuzirudisha. Shukrani zako sizistahili."

Mlango ulifunguka kidogo. Mkono ukalichukua. Mbwa alinyanyuka akaenda kusikiliza mlangoni.

Kisha akasema kile nilichojua atasema: "Ni lako, dada. Kila changu ni chako."

Mlango ukafungwa. Nimelia mpaka nimechoka.

Jumanne, 10 Machi

Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Maikeli akatoka na gitaa, akakaa juu ya gogo la mshelisheli ulioanguka, ameupa mgongo mlango wa jikoni, umbali wa kutupa jiwe. Latai alikuwa ameketi kando yake. Ghafla Maikeli akaanza kufoka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake.

"Latai! Hivi unamjua fundi aliyefanya huu ushenzi?"

"Simjui, kaka," akasema Latai, na sauti yake ilitetemeka kwa kicheko.

"Nikimpata huyo fundi! Mtu mzima na akili zake anavuta chuma kikavu? Kinapashwa moto kwanza, mjinga huyo, kinapashwa moto ndipo kinaachia mti! Na gundi ya mashua! Alitaka kwenda nalo kuvua?"

Nilikaa juu ya kibao cha mbuzi, nazi mkononi.

"Miezi yote nimepiga fagio! Watu wananicheka, nasema subirini nifike kwetu. Nimefika. Nimekuta nini? Ubao wa kukatia samaki!" Hapo sauti yake ilikatika kidogo. Haikuwa mchezo tena. Latai naye aliinamisha kichwa. "Mwambieni huyo fundi amenivunja moyo. Mwambieni hivyo hivyo."

Akavuta pumzi. Kisha, kwa sauti ya chini lakini yenye kufika jikoni: "Na mwambieni atafute mshipi wa nailoni, ule mnene wa kuvulia jodari. Tutafunga ngazi za kamba. Sehemu zake atazitafuta yeye, kwa sikio. Aliyeharibu ndiye anayejua mashimo yalipo."

Nilikuna nazi yote na kidole changu pamoja.

Ijumaa, 13 Machi

Tumefunga kamba kuzunguka shingo, fundo moja moja. Mimi napiga ndani ya nyumba, yeye yuko nje, Latai anakimbia katikati. "Anasema ya tano ipande kidogo." "Anasema fundi ana masikio ya kenge." "Anasema hapo hapo, usiguse." Nyuzi mbili za juu bado zinazomea, tumeziacha. Mbili za chini zinafaa. Halitakuwa tena kama lilivyoshuka melini.

Jioni Pauliasi alikuja kumchukua Maikeli kwa mazoezi ya mwisho. Maikeli alitikisa kichwa. "Mimi sikijui kitu hiki. Vidole vyangu vinajua chuma. Mchukue fundi."

Jumamosi, 14 Machi

Ukumbi umefunguliwa. Jua kali baada ya mvua ya asubuhi. Mama alifunga kiunoni mkeka wake wa zamani, ulioliwa ukingo, na alipoulizwa ule mpya uko wapi akasema uko Vava'u unatembea.

Nilipiga besi. Nilikosea mara kadhaa, na Pauliasi alinitupia jicho kila mara. Maikeli hakusimama na bendi. Alikuwa nyuma na waimbaji wa sauti nzito, mikono imelegea pembeni kama ya mtu aliyesahau mzigo wake mahali. Sikuthubutu kumtazama. Huyu alipaswa kuwa hapa niliposimama mimi, na kila mtu ukumbini alijua.

Kisha ikafika ile sehemu ya wimbo inayoteleza. Niliweka kidole kwenye fundo, nikakiacha hapo hapo. Nyuma yangu sauti yake ikateleza chini, polepole, yenyewe, na wazee wakageuka kumtazama.